Chumba cha Anga Juu ya Karakana

Pale chuoni kila mtu alimwita Mama Fyuzi, kuanzia mkuu wa chuo hadi mwanafunzi aliyeingia jana. Alikuwa fundi umeme wa chuo cha maofisa wa jeshi, raia pekee mwenye funguo za kila jengo. Mwanawe wa pekee alisomea uofisa hapohapo. Wiki tatu kabla ya kuvishwa nyota, lori lililokuwa likimrudisha na wenzake kutoka mazoezini lilipinduka. Wenzake waliumia. Yeye alifariki.

Mama Fyuzi alizika Jumamosi, Jumatatu akarudi kazini. Watu walishangaa, wengine wakamsema. Alichojua yeye ni kwamba swichi ya bwaloni ilikuwa inapiga shoti, na kwamba akikaa nyumbani atashinda akiitikia pole. Kilio hakikumjia. Alikingoja kama mtu anavyongoja chafya, kikapotelea humohumo.

Mwaka wa tisa baada ya msiba, wahitimu wa kundi la mwanawe walirudi. Sasa walikuwa mameja, na wengine walikuwa wameacha jeshi na kuingia kampuni za mawasiliano. Walikuwa wameungana kukisaidia chuo kianzishe mafunzo ya anga za juu: chumba cha kompyuta juu ya karakana, antena ya kupokea picha za setilaiti, na wao wenyewe kuja kwa zamu kufundisha. Meja mmoja mrefu, ambaye zamani alikuwa akija kwake kula kila wikendi, alimfuata karakanani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umenenepa."

Meja alicheka kidogo, halafu akaangalia buti zake. "Mama, tumekubaliana chumba kipewe jina la mwenzetu. Yeye ndiye alikuwa anatuchosha na habari za setilaiti. Tulimwita Mwezini."

"Sikujua."

"Hakuwahi kukuambia?"

"Nyumbani alikuwa anakula na kulala."

Mama Fyuzi alisubiri aone kama neno hilo litamchoma. Halikumchoma. Aliendelea kumenya waya.

"Na tunaomba wewe ndiye ukate utepe," meja alisema.

"Utepe kateni wenyewe. Mimi niachieni nyaya."

Siku ya uzinduzi, wageni walijaa kwenye viti vya plastiki. Jina la mwanawe lilikuwa limebandikwa juu ya mlango. Alilisoma kama anavyosoma lebo ya mashine, akaenda kusimama nyuma. Setilaiti ya hali ya hewa ilitarajiwa kupita saa tano na robo, na ingekuwa hewani dakika kumi na mbili tu. Muda ulifika, skrini ikabaki nyeusi. Meja alibonyeza hiki na kile, jasho likimtoka shingoni.

Mama Fyuzi hakumuuliza mtu. Alifunga kanga kiunoni, akapanda ngazi hadi juu ya paa. Plagi ya kebo ya antena ilikuwa imekazwa upande, na ndani kulikuwa na maji. Aliifungua, akaikausha kwa pindo la gauni, akakata ncha ya kebo iliyooza na kuifunga upya.

Huko chini, picha ilianza kushuka mstari kwa mstari: mawingu, kisha ukingo wa nchi kavu. Wanafunzi walianza kunong'ona. Meja alitoa kichwa dirishani.

"Mama, imeshika."

"Sawa. Setilaiti yenyewe iko upande gani?"

"Ilitokea kusini. Inamalizika kupita sasa hivi."

Alitazama juu. Kulikuwa na jua tu, hakuna kingine. Alikusanya koleo zake, akashuka.

Baada ya hapo wahitimu walimwomba afundishe kulehemu, maana wanafunzi walikuwa wanaunda setilaiti ndogo, haizidi boksi la viatu. Alikubali kila Alhamisi mchana. Hakuwa mwalimu mpole. Kiungo kibaya alikibomoa, mwanafunzi akaanza upya. Siku moja binti mmoja wa mwaka wa pili, akiwa ameinamia kazi yake, alimuuliza yule mwenye jina lililo juu ya mlango alikuwa mtu wa namna gani.

"Alikuwa anaacha taulo mbichi kitandani," Mama Fyuzi alisema. "Kila siku. Nilikuwa namfokea."

Lehemu ilimmwagikia pembeni. Aliweka chombo chini, akakisubiri kilio. Hakuna kilichofuata. Aliifuta lehemu, akamwonyesha binti kiungo kinachofuata.

Boksi lile lilirushwa miaka miwili baadaye, kutoka nchi nyingine, ndani ya roketi ya watu wengine. Lilituma mawimbi yake kwa miezi mitano, kisha likanyamaza, kama walivyotarajia. Mama Fyuzi wakati huo alikuwa amestaafu. Meja aliendelea kumtumia gari kila Alhamisi, naye aliendelea kupanda. Mdogo wake wa kike alimuuliza kama kazi ile inamfariji.

"Sijui, mdogo wangu," alimjibu. "Wanakaza plagi vizuri sasa."