Kata ya Mbege kwa Mgonjwa wa Ini

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi niliyotoka Kikatiti bila kujua ninakokwenda. Shule nilishaiacha, kazi sina, miguu inawasha. Nikafuata vijia vya migombani kupanda Nkoaranga, na jioni bibi mmoja akanipa chumba cha uani ili nimsaidie kuchuma kahawa.

Mwanawe, Anaeli, alikuwa ametoka hospitali. Tumbo limejaa maji, macho ya manjano, miguu imevimba. Mimi na udadisi wangu nikauliza daktari alisemaje.

“Ini lina makovu,” bibi akasema. “Kovu halirudi kuwa nyama nzima. Lakini asipogusa pombe tena, kilichobaki kinaweza kumbeba. Akigusa, tuchonge jeneza.”

Jumapili, baada ya ibada, akaja Elisa, mume wa dada yake Anaeli, na kibuyu cha mbege, pombe ya ndizi. Kule mgonjwa alitembelewa kwa mbege, na aliyeileta alionja kwanza, kama kiapo, watu waone haina sumu. Elisa akaonja, akafuta povu mdomoni, akamnyooshea Anaeli kata.

“Kidogo tu shemeji, ya kuamsha damu. Au siku hizi umekuwa mchungaji?”

Majirani waliokuja kumjulia hali wakacheka. Walicheka, mwanangu! Mkono wa Anaeli ukaanza kunyanyuka.

Bibi akaiwahi ile kata. “Elisa, umeonja?”

“Nimeonja, mama.”

“Umeonja kwa ini lako. Ungeonja kwa ini lake, ungekuwa unatapika damu hapa. Umetuapia uongo nyumbani kwangu.” Akaimwaga nje, kwenye shina la mgomba. “Ukimpenda, kesho mletee maharage. Yasiwe na chumvi.”

Mama kumkemea mkwewe mbele za watu si jambo dogo. Elisa akaondoka amenuna. Anaeli akasema, “Mama, nipe uji.”

Hakurudi kuwa kijana. Lakini msimu uliofuata nilimwona akipogoa kahawa, polepole, anapumzika kila mara.

Hata leo nasikia watu wa mjini, wengine wenye majumba Njiro, wanampelekea mgonjwa wa ini bia “moja tu”. Wengine wanampa mizizi iliyochemshwa na asiyejulikana. Upendo gani huo? Sumu haijaribiwi kwa kuonja, nao wanamwonjesha aliyekwisha kuungua ini! Akifa, wao ndio wa kwanza kusema amejitakia.

Mwanangu, ukiwa na mgonjwa wa namna hiyo, simama mlangoni. Pombe isipite, hata ya mkwe. Dawa yoyote, hata ya maumivu, muulize daktari kwanza. Mlishe, usimkondeshe, ila chumvi ipunguze. Akianza kuchanganya maneno, au akitapika damu, usingoje kikao cha ukoo, mkimbize hospitali. Si wote watakaopona, lakini usimkatie tamaa anayeomba uji.

Mungu akupe mkono mwepesi kama wa bibi yule, na nyumbani kwako asiwepo mtu wa kucheka kata ikinyooshwa.