Hakuna Ng'ombe Aliyeibiwa

Wifi yangu ni mwembamba kama ufito na ugali anakula kunizidi. Nalisema mapema, kwa sababu yeye ndiye aliyetangaza kijiji kizima cha Genkuru kwamba mimi nakula kwa kujificha.

Nilinenepa huku nalima na kuchota maji. Nilipunguza chakula mpaka mume wangu akadhani nimemsusia, na bado magauni yalinibana. Nywele zikanyonyoka, nikasikia baridi jua likiwa utosini. Daktari alinipima damu, akasema tezi ya shingoni imelegea, homoni zake hazitoshi, ndiyo maana mwili unashikilia kila kitu. Akanipa vidonge, akaniambia nifanye mazoezi, kisha akanitazama mabega.

"Ila usitegemee kuwa kijiti, mama. Mifupa yako mipana."

Mipana kweli. Kwao mama yangu, kijiji cha Nyambureti, wanawake wote tuko hivyo, na sijaona aliyeomba radhi.

"Homoni!" wifi alicheka. "Kumbe ulafi nao umepata jina la hospitali."

Nilikasirika. Kesho yake alfajiri nikavaa raba za mume wangu, nikatoka mbio barabarani.

Sasa, kwetu mtu mzima hakimbii alfajiri ila ng'ombe wameibiwa. Mdogo wa baba mkwe wangu aliniona nikipita kwake, akapiga yowe. Wanaume wakatoka na mapanga na mikuki, mmoja bado anafunga suruali.

"Wamepita wapi?" wakaniuliza.

Nilitaka kujibu, pumzi hakuna. Nikawapungia mkono waniache. Wao wakadhani nawaonyesha njia, wakatimua mbio kule mkono ulikoelekea, mpaka mtoni.

Waliporudi na matope magotini, niliwekewa kikao.

"Mkamwana, acha mambo hayo," alisema mzee yule aliyepiga yowe. "Siku wezi wakija kweli, tutasema ni wewe, tutaendelea kulala."

Hoja ilikuwa nzito. Lakini wifi alikuwa pembeni anatafuna hindi la kuchoma, anatabasamu, nikajua nikiacha leo neno lake ndilo litakalobaki juu yangu.

"Nimesikia, baba," nikajibu kwa adabu zote. "Ila sitaacha. Nitavaa fulana nyeupe. Mwizi gani wa ng'ombe atavaa nyeupe?"

Wakaguna. Sikusubiri wamalize kuguna.

Vidonge bado nameza. Nimepungua kidogo, si sana. Gauni la harusi halipandi nyongani, na sina haja ya kulilazimisha. Lilishonewa binti ambaye tezi yake ilikuwa nzima. Wifi bado anasema. Aseme.

Asubuhi mzee husimama kwenye zizi lake, akiiona fulana huwatangazia majirani, "Laleni, ni mkamwana tu!" Kwa desturi ningesimama, niiname, nimwamkie. Sisimami.

"Shikamoo, baba!" nampazia sauti nikiwa mbio, na pumzi inabaki ya kupandia kilima.