Bati Halikuingia Kwenye Barua

Nilipomaliza kidato cha nne, nikiwa bado nangojea matokeo, nilikuwa msichana wa kuogopwa mtaani kwetu Kambi Muru. Si kwa ngumi, maana mwili wenyewe ulikuwa wa kupeperushwa na upepo. Niliogopwa kwa Kiswahili. Nilikuwa na daftari nene nililokuwa nikilijaza msamiati tangu darasa la sita, na sikuweza kusema kumekucha bila kusema pia kwamba majogoo wamewika na jua limechomoza kwa madaha. Mwalimu wetu alikuwa ametufundisha kwamba insha isiyo na methali ni mboga isiyo na chumvi. Mimi nilitia chumvi hata kwenye salamu.

Mlango wa tatu kutoka kwetu aliishi fundi wa kujenga, mtu aliyetoka mkoa wa Magharibi kama sisi. Kutwa alikuwa kwenye maghorofa ya Nyayo Highrise akirekebisha nyumba za watu, na jioni alirudi kwenye nyumba yake iliyovuja juu ya kitanda kabisa. Mkewe alilala na sufuria katikati yao kukinga matone. Alimwambia mumewe atengeneze paa, akamwambia tena, na kila mara jibu lilikuwa "Jumapili." Misimu miwili ya mvua ikapita hivyo. Siku moja mama huyo akakunja nguo zake, akaenda kwa dada yake mtaa wa Kawangware 46.

Kwetu, mke akirudi kwa watu wake, mume hamfuati mwenyewe. Anatuma wazee. Lakini wazee wa fundi walikuwa kijijini, mbali kabisa, na katika ploti yetu ya vyumba vya kupanga watu walikuwa wamezoea kutuma barua badala yake. Barua ndiyo iliyokaa kwenye kiti cha mzee, ikasomwa kwa sauti, watu wakanyamaza. Fundi aliacha shule darasa la nne na alisoma kwa kidole, neno moja moja, kwa hiyo akaja kwangu.

"Niandikie," alisema, amekalia ndoo iliyopinduliwa mlangoni petu. "Mwambie nimeweka bati mpya. Arudi."

"Ni hiyo tu, baba?"

"Na ingine gani? Si ni bati alikuwa anataka?"

Nilimhurumia, kusema kweli. Mtu ana huzuni yote ile, halafu kinachomtoka ni bati! Nilifungua daftari langu upande wa mapenzi, na bati halikuwamo. Nikaandika kurasa mbili kuhusu moyo uliogeuka jangwa, na machozi ambayo lau yangekuwa wino yangetosha kuandika jina lake mbinguni. Nilipomsomea, fundi alikuna kichwa.

"Haya maneno ni yangu?"

"Ni yako. Nimeyavalisha suti tu."

"Na bati iko hapo ndani?"

"Iko, kimaana."

Aliitikia kwa kichwa, kwa heshima, akaandika jina lake chini kwa taabu, na mimi nikajiona mtu mkubwa. Barua ilibebwa na mama mmoja wa ploti yetu aliyekuwa akiuza dagaa wa omena Kawangware. Aliikunja akaitia kwenye beseni, chini ya karatasi ya nailoni, na nadhani ilifika ikinukia Ziwa Victoria lote.

Baada ya siku tatu akarudi na jibu. Nililifungua mbele ya fundi, na mstari wa kwanza tu ukanishtua. "Kwako uliyenifanya nionje shubiri nikidhani ni asali." Lo! Huko Kawangware kulikuwa na mtu. Huyo mtu alikuwa na daftari. Barua ilitiririka ukurasa mzima na kumalizia kwa kusema mtaka cha mvunguni sharti ainame.

"Mvunguni kuna nini?" fundi aliuliza, na kabla sijamjibu alikuwa ameshaenda kwake kuchungulia chini ya kitanda. Alirudi akasema kuna jerikeni tu.

Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi niliona nimetupiwa changamoto. Fundi aliniambia nijibu vilevile, kwamba bati imewekwa na anaomba arudi, lakini hata sikumsikia vizuri. Nilikuwa natafuta neno la kuishinda shubiri. Nikaandika kurasa tatu. Nikamlinganisha mke wa watu na mbalamwezi, ua la waridi na swala katika aya moja. Mama wa omena alipoipokea aliipima mkononi.

"Hii ni barua ama ni mahubiri?" alisema. "Mama yule ananiuliza kitu kidogo tu, namwambia angoje barua, na nyinyi mnanibebesha gazeti."

Sikumuuliza ni kitu gani. Hilo linanichoma mpaka leo.

Jibu la pili lilikuja fupi kidogo, zuri kupita kiasi, na mwisho wake ulikuwa umepigiwa mstari kwa rula: maji yakimwagika hayazoleki. Nililisoma kwa sauti ya kutamba, nikifurahia namna lilivyokaa, kisha nikainua macho. Fundi alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

"Kwa hivyo imeisha," alisema.

Kesho yake asubuhi nilipita mlangoni kwake nikamwona akiondoa vitambaa vya kushona kwa mkono ambavyo mkewe alikuwa amevitandika kwenye viti. Alivikunja kimoja kimoja, pembe kwa pembe, akaviweka ndani ya katoni. Aliniambia atampa mama wa omena ampelekee mkewe, asije akavikosa. Juu ya kichwa chake bati jipya liling'aa. Nilirudi nyumbani nikalia, na safari hii sikuwa na mfano wowote wa kuyapamba machozi.

Jumamosi nikamfuata mama wa omena mpaka Kawangware. Mke wa fundi alikuwa uani kwa dada yake, akimenya viazi. Kando yake aliketi mpwa wake wa darasa la nane, amevaa sketi ya shule, na magotini alikuwa na daftari nene. Tulitazamana mimi na yeye, tukajuana papo hapo kama wezi wawili wa kuku.

"Ni wewe unaandikanga?" mama yule aliniuliza hata kabla sijakaa. "Haya, msomi, niambie. Hiyo nyumba bado inavuja?"

"Haujaambiwa, mama?"

"Niambiwe na nani? Namuuliza mambo ya paa, yeye ananijibu machozi, machozi. Maji ya mvua hayanitoshi, ananiongezea ingine?"

"Alisema ameweka bati mpya. Alisema tangu barua ya kwanza. Ni mimi sikuandika."

Kisu kilisimama. Akamgeukia mpwa wake. "Na wewe, nilikwambia uandike nini?"

"Kama amerekebisha paa," msichana alisema, akitazama vidole vyake.

"Uliandika?"

"Mwalimu alisema tumalize na methali."

Nilingoja kofi, na kama lingekuja ningelipokea. Badala yake mama yule alicheka kwa uchungu, cheko fupi, akajifuta macho kwa mgongo wa mkono. Alisema alikuwa amelia wiki nzima akidhani mumewe anamdhihaki. Kisha akaniambia: "Enda umwambie nikisikia kutoka kwake kwamba imeisha kuvuja, nakuja leo. Mwambie hivyo tu. Usiongeze kitu."

Nilikimbia. Nilipofika Kambi Muru, kwa kuogopa ulimi wangu mwenyewe, niliyaandika maneno yake kwenye karatasi kama alivyoyasema, bila kupunguza wala kuongeza. Yalikuwa mstari mmoja. Nilipoutazama niliona ni kitu bora kuliko vyote nilivyowahi kuandika, na nikampelekea fundi nikihema.

"Amesema anakuja leo," nilimwambia. "Ukimhakikishia tu haivuji. Soma, nimeandika hapa."

Fundi hakuipokea karatasi. Alinitazama bila hasira.

"Hayo ni maneno yake," aliuliza, "ama ni yako?"

"Ni yake, baba. Haki ya Mungu."

"Hata zile zingine ulisema ni zangu."

Niliikunja ile karatasi mkononi. Fundi alivaa koti, akavaa kofia, akafunga mlango kwa kufuli. Akasahau mambo ya wazee na desturi, akashika njia ya Kawangware kwa miguu kwenda kuyasikia mwenyewe.