Shairi Lililoitikiwa Amina

Niliyoyaona kwa macho yangu nitayaeleza. Yanayosimuliwa hapa mtaani kwetu Kasungami, kwamba nililia mbele ya wageni, sikuyaona na siwezi kuyathibitisha. Aibu yenyewe, hata hivyo, ni yangu, wala siikani.

Tulikuwa uani kwetu tukisherehekea miaka hamsini ya ndoa, na mke wangu Odette alikuwa ameniomba zawadi moja tu: nimwambie neno la mapenzi mbele ya watoto wetu, kwa kuwa (nakiri) katika miaka yote hiyo hakuwahi kulisikia kinywani mwangu. "Maneno mbili, tatu, inatosha," alisema. Lakini mimi, mwalimu mstaafu, niliyeamini kwamba Kiswahili chetu cha nyumbani kinafaa sokoni ila hakiwezi kubeba shairi, nikaamua kutunga beti kumi na mbili kwa Kiswahili sanifu, vina na mizani kamili.

Nikasimama na karatasi yangu, nikaanza kwa sauti nzito: "Ewe taa ya nyumbani, usozimwa na upepo…"

Sasa, kwetu Kiswahili cha namna ile hakisikiki sana ila kanisani, kwa hiyo shemeji yangu Faustin akavua kofia, akasema, "Musimame, mwalimu iko nasali!", viti vikaburutwa, chupa za bia zikawekwa chini, wote wakainamisha vichwa, na nilipomaliza ubeti wa kwanza ua mzima ukaitikia, "Amina!" Nikadhani ubeti wa pili ungewazindua, wakaitikia kwa nguvu zaidi (kwenye wa tatu, bibi mmoja akapiga magoti).

Nikamtazama mke wangu. Alikuwa amefumbata mikono kama wengine, lakini jicho moja lilikuwa wazi.

"Papa Victor," akasema, "uko nasema na miye, ao na Mungu?"

"Na wewe."

"Basi, sema na miye."

Watu wakacheka. Faustin akavaa kofia yake upesi. Nikaikunja karatasi, kwa maana vina vyangu havikuwa na kosa, ila havikumjua Odette. Nikaitafuta lugha aliyowabembelezea watoto wetu, nikasema:

"Odette, kama hauko mu nyumba, miye niko mugeni."

Safari hii hakuna aliyeitikia.

Pale pale nikaapa moyoni kutomtungia tena shairi kwa lugha ambayo hajawahi kunigombeza nayo.

Odette akanivuta mkono nikaketi kando yake. "Rudilia," akaninong'oneza. Nikarudia.