Kimo cha Kaka

Juzi, katika duka moja Sugar Land, mtoto alipita amevaa kofia ya vita ya plastiki, nikamkumbuka mama.

Nikiwa mtoto, alinipeleka makumbusho, Houston, kuona silaha zilizoletwa kutoka ngome ya mbali. Ukumbi ulikuwa baridi, ukinuka mafuta ya kung'arishia chuma. Mapanga na mikuki alivipita upesi. Alisimama mbele ya vazi la vita la chuma, dogo, lililotengenezewa mtoto wa mfalme.

"Kaka yako alikuwa vile," akasema.

Kaka huyo, aliyebaki Kongo, nilimjua kwa jina tu. Nikalaza kiganja hewani, nimpime.

"Usimupime vile. Ile ni ya mbuzi. Mutu tunamupima hivi." Akausimamisha mkono wake, vidole juu. Machozi yakamtoka.

Nilidhani nimemliza kwa utovu wa adabu. "Sorry, Mama," nilirudia mpaka tukafika nyumbani Sharpstown.

Sasa najua kwamba wenye bunduki walimchukua kaka akiwa kimo kile. Mpaka mama anakufa, kila alipomtaja kaka, aliusimamisha mkono palepale. Haukupanda hata kidogo.