Alama kwenye mkono wa Nasra: field yangu ya OT Pemba ilivyoanza kwa shaka

Wakuu, habari za saa hizi. Miaka mingi nasoma nyuzi zenu bila kuandika kitu. Leo naandika lililonikuta, na sitaruka hata pale nilipokosea.

Mimi ni mwanafunzi wa occupational therapy, binti wa Dodoma. Kwa wasioijua, OT kwa watoto ni kumsaidia mwenye ulemavu aweze kula, kuvaa na kucheza mwenyewe. Field ya kwanza, yaani mafunzo kwa vitendo, nilipangiwa Wete, Pemba.

Supervisor wangu, Bi Zuwena, ni mwenyeji wa huko. Mpole, ila haongei sana.

Siku ya tatu akanikabidhi mtoto wa kwanza: Nasra, miaka mitatu, upande wa kulia dhaifu tangu kuzaliwa. Mkono wa kulia kaukunja ngumi muda wote. Huletwa na bibi yake, Bi Mize, kutoka Gando.

Nikaanza assessment. Kupandisha mkono wa kushoto wa gauni, nikaona alama nyekundu imezunguka kifundo kizima cha mkono.

Kamba, nikajisemea.

"Bi, hapa pamefanya nini?"

"Kajikuna."

Mtu hajikuni duara, wakuu. Nikaandika. Bi Mize akaitazama kalamu mpaka nilipomaliza.

Wiki iliyofuata alama ipo, tena mbichi.

Hapo nikaanza kuona kila kitu kwa jicho baya. Mbona mama mtu haji? (Niliambiwa anafanya kazi Unguja, nikaona kisingizio.) Mbona mtoto akipewa kitu anamtazama bibi kwanza?

Ndipo nikakosea. Bi Mize alipotoka kupeleka kadi mapokezi, nikamwinamia Nasra: "Bibi anakufunga?"

Akaitikia kwa kichwa.

Kugeuka, Bi Mize yuko mlangoni. Akambeba mjukuu wake, kiatu kimoja cha mtoto kikabaki sakafuni.

Miadi miwili iliyofuata hawakutokea.

Nikamweleza Bi Zuwena, nikataka twende ustawi wa jamii siku hiyo hiyo.

"Alama hatuiachi," akasema. "Lakini mtoto wa miaka mitatu ukimuuliza vile, hata ukisema bibi anaruka angani ataitikia. Kesho twende Gando. Daftari liache."

Tulifika wakati wa chakula cha mchana. Nasra amekaa mkekani, mkono wa kushoto umefungwa kipande cha kanga kilichozungushwa hadi kiunoni.

Nikafungua mdomo. Bi Zuwena akanibana kiwiko: nyamaza.

Mbele ya mtoto sahani ya muhogo na samaki. Ule mkono wa ngumi ukafunguka taratibu. Vidole vitatu vikashika kipande cha muhogo. Kikaanguka. Akakishika tena, kikafika mdomoni.

Kliniki sikuwahi kuuona mkono ule ukifunguka.

"Mtoto wa Kiislamu atakulaje kwa kushoto?" Bi Mize akasema bila kunitazama. "Nikaona nikiufunga huu, ule waamka. Ndiyo naufunga."

Darasani tumefundishwa hicho hicho: unauzuia mkono mzima ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi. Mtihani wake nilifaulu vizuri tu.

"Sasa kwa nini ulisema kajikuna?"

"Weye uliniuliza na kalamu mkononi. Mie nikajua waniandikia polisi."

"Nilikudhania unamtesa, bi."

"Najua ulivyonidhania."

Hakulainika. Bi Zuwena akamweleza kuwa wazo ni zuri, ila kanga inabana damu, na kushinda amefungwa ni kumchosha mtoto. Tukabadilisha: soksi laini mkononi, wakati wa kula na kucheza tu, mtu mzima akiwepo. Kila walipokuja tuliangalia kifundo, mpaka alama ikafutika.

Ndiyo, walirudi kliniki. Lakini Bi Mize alikaa katikati, kati yangu na mtoto. Kila kichezeo nilichompa Nasra kilipitia mikononi mwake kwanza, akakigeuza, akakikagua. Mpaka field inaisha hakuniachia mjukuu wake hata dakika moja. Simlaumu.

Nilichojifunza: alama ile ilistahili kuulizwa, na nikiona nyingine nitashtuka vilevile. Ila mimi niliuliza nikiwa nimeshahukumu, naye akanijibu kama mtu aliyehukumiwa.

Manesi, walimu wa chekechea, wazazi mliomo humu: swali kama lile mnaliulizaje mtu asiogope akaficha? Nisaidieni, karibu napangiwa kituo kingine.