Profesa wa Kimarekani, chuo cha Guangzhou na somo la mita mbili za kitambaa

Wakuu, heshima yenu. Haya nimeyaona kwa macho yangu, chumvi sijaongeza.

Mimi ni mtu wa Tabora, elimu yangu form four. Nimetangatanga Lusaka, Dubai, sasa niko Guangzhou nanunua vitambaa soko la Zhongda. Nina miaka arobaini na ushee na bado naota uji wa mama.

Siku moja naongea Kinyamwezi kwenye simu sokoni, nikasikia nyuma yangu, "Wewe ni Mnyamwezi?" Kugeuka, mzungu mzee. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kusita. Kumbe ujanani alifundisha sekondari kwetu.

Tukakaa kwenye chai. Alikuwa amekuja kuunganisha chuo chake cha Marekani na chuo kimoja cha hapa, wabadilishane wanafunzi wa masuala ya nguo.

Siku tatu za vikao. Kila akitoa mkataba wake wa miaka mitano, wenyeji wanamwongezea chai na kumtembeza majengo. Jumapili anaondoka. Akirudi mikono mitupu, mpango unafutwa, naye anastaafu mwaka huohuo.

Nikamwambia, "Prof, mimi hapa sikuanza na kontena. Nilichukua sample, mita mbili. Niliporudi mara ya pili ndipo laoban, bosi wa duka, akaniuliza jina."

"Wanafunzi si vitambaa, bwana."

"Najua. Ila unayeongea naye ni laoban yuleyule, huyu kavaa tai tu."

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akasema, "Kesho twende wote."

Wakuu, nilipiga pasi shati mara mbili. Getini mlinzi akapekua orodha, jina langu likawemo. Sijawahi kuingia chuo kikuu maishani, hata cha nyumbani.

Mkuu wa kitivo alikuwa mama mmoja mpole. Profesa akaurudisha mkataba kwenye begi. Akasema, "Naomba wawili waje kwenu, wawili waje kwetu. Muhula mmoja tu."

Yule mama akaweka kikombe chini. Kwa mara ya kwanza akauliza swali: "Hao wawili, wanakula wali kila siku?"

"Watazoea," Profesa akajibu.

Mama akachukua simu, akaulizia vyumba vya bweni.

Wale wawili walikuja, wakamaliza. Muhula uliofuata wakaja sita, na mkataba ukasainiwa bila mvutano.

Profesa amestaafu, ila kila Krismasi ananipigia. Yule mama wa kitivo naye huniletea wanafunzi wageni wiki ya kwanza ya muhula, niwafundishe kujua pamba kwa vidole. Wananiita teacher. Jina hilo sijalizoea bado.

Nilichojifunza: mtu asiyekujua mwombe kidogo, umpe nafasi ya kukujua. Na usidharau unachokijua kwa sababu hakina cheti. Namshukuru Mungu, na namshukuru yule mzee aliyekubali kufundishwa.

Nyie mlioanza na mita mbili, ilikuwaje? Nasoma comments zote, leo soko limepoa.